Tulipu za Bi Anjelina

Bi Anjelina alifika Mtoni, Dar es Salaam, mwishoni mwa mwaka 1974, akiwa na miaka sitini na kitu, mkeka mmoja, jembe lisilo na mpini na kifuko cha ugoro. Kijiji alichozaliwa, upande wa Masasi, kilikuwa kimehamishwa. Watu walipewa viwanja vipya kando ya barabara, nyumba zikapangwa safu kwa safu, na shamba alilolilima tangu usichana wake likabaki nyuma ya vilima pamoja na mikorosho yake. Mwanawe wa pekee, Fransis, aliyekuwa baharia katika meli za mizigo, alikwenda kumchukua.

"Mama, hicho kiwanja waachie wengine," alimwambia. "Njoo ukae kwangu, upumzike."

Kupumzika huko ndiko kulikomchosha. Nyumba ya Fransis ilikuwa na vyumba viwili na uwanja mpana nyuma, na mkewe, Bernadeta, alikuwa mwanamke mwepesi wa mikono. Alifanya kazi kwa zamu katika kiwanda cha nguo, lakini kila alipotoka aliacha maji yamejaa, uwanja umefagiwa na chakula kimefunikwa mezani. Bi Anjelina akishika ufagio, Bernadeta humnyang'anya kwa upole. "Mama, usijisumbue. Kaa tu." Basi akakaa. Alikaa barazani akitazama magari ya Barabara ya Kilwa, akinusa ugoro wake, akihesabu kuku wa jirani.

Kule kwao hakuwa mtu wa kukaa. Msimu wa karanga ulipofika, watu walimwita awaonyeshe njia za nungunungu. Alimjua panya anayekula mbegu na panya anayekula mizizi, alijua mchwa hushuka lini na konokono hupanda lini. Marehemu mumewe alikuwa akiwaambia wageni kwamba Anjelina humsikia fuko akichimba hata akiwa anasonga ugali. Mtoni hakuna aliyelijua hilo. Mtoni alikuwa mama yake Fransis, mgeni kutoka kusini.

Mwezi wa pili, Fransis akarudi kutoka safari ndefu ya Ulaya. Alifika jioni, amechoka, akaweka mizigo yake jikoni na kulala. Asubuhi yake, Jumapili, yeye na mkewe wakaenda kanisani. Bi Anjelina, ambaye goti lilikuwa likimsumbua, akabaki. Akaona hii ndiyo nafasi yake. Akawasha moto, akakuna nazi, akatafuta vitunguu. Katika mizigo ya Fransis akakuta mfuko wa karatasi, na ndani yake vitunguu kumi na vitano vidogo, vyenye maganda ya rangi ya kahawia. Akamenya vinne. Alishangaa kidogo kwamba havikumtoa machozi. Akasema moyoni, labda ndivyo vilivyo vitunguu vya Ulaya.

Walirudi, wakala samaki wa nazi. Fransis alimsifu mama yake, kisha akatafuna polepole, akauliza, "Mama, humu umetia nini?"

"Vitunguu vyako."

Fransis akaweka tonge chini. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaona uso wa mkewe, akaacha kucheka. Ikabidi aeleze. Havikuwa vitunguu vya kula. Vilikuwa mbegu za maua yaitwayo tulipu, aliyoyaona yamejaa katika picha kwenye duka la bandarini huko Uholanzi. Siku ya harusi yao, Bernadeta alishika maua ya karatasi, kwa kuwa ya kweli hayakupatikana, na Fransis alimwahidi kwamba siku moja atamletea ua ambalo hakuna bibi harusi wa Temeke aliyewahi kulishika. Miaka saba ilikuwa imepita. Katika meli alikuwa amemwomba mpishi amwekee ule mfuko kwenye chumba cha baridi cha mboga, safari nzima, kuzunguka Afrika yote.

"Si kitu, Mama," alisema Bernadeta. "Hukujua." Akainuka, akaosha vyombo.

Mchana ule tumbo lilimkata Bi Anjelina, akatapika mara mbili, na Bernadeta akamshika kichwa na kumpa maji ya mchele. Lakini tumbo halikumuuma kama ule upole. Angegombezwa angejitetea. Sasa alibaki na vitunguu kumi na kimoja katika mfuko wa karatasi.

Kabla Fransis hajaondoka tena, mama yake alimkalisha chini. "Niambie vyote ulivyoambiwa. Usiruke kitu."

Fransis akamweleza. Mzee mmoja mlinzi wa bandari, ambaye mkewe alikuwa na bustani, ndiye aliyemfundisha. Vitunguu hivi havioti bila kulala kwenye baridi miezi mitatu au minne. Visigandishwe. Visikae na matunda mabivu, maana ua hufia ndani kabla halijatoka. Vipandwe kwenye udongo usiotuamisha maji, wakati wa ubaridi. "Na adui yake?" aliuliza Bi Anjelina. Fransis akakuna kichwa. "Alisema panya. Alisema panya wa kwao wanavipenda kuliko jibini."

"Panya," alisema Bi Anjelina, na kwa mara ya kwanza tangu aje Mtoni aliketi wima.

Baridi ilikuwa dukani kwa Bi Bahiya. Bi Bahiya alikuwa mjane wa ukoo wa Kiarabu, ambaye wazee wake walikuwa wakiendesha duka pale tangu barabara ilipokuwa mchanga mtupu. Alikuwa na friji la mafuta ya taa, la soda. Bi Anjelina hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya kununua chumvi. Siku hiyo alisimama mbele ya kaunta na mfuko wake kifuani, akaeleza haja yake kwa Kiswahili chake cha kusini, akijua kwamba jambo lenyewe linachekesha.

Bi Bahiya alichungulia mfukoni. "Vilale humu miezi minne?"

"Mitatu na kitu. Mpaka katikati ya mwezi wa sita."

"Na mie nitawaambia nini wateja?"

"Waambie ni wageni wangu."

Bi Bahiya akatabasamu, akasogeza chupa za soda. "Haya, Mama Fransis. Wageni wako waingie."

Basi kila asubuhi Bi Anjelina alikwenda kuwajulia hali wageni. Alifungua mfuko, akakigusa kitunguu kimoja kimoja, akakitoa kilicholainika kisije kikaambukiza vingine. Viwili vilioza hivyo. Siku moja akakuta papai bivu limewekwa karibu na mfuko, akalitoa bila kuuliza na kulishika mkononi kama mtoto mtundu. Bi Bahiya akalikata vipande, wakalila pale pale, wakizungumza habari za waume zao waliokufa. Baada ya hapo kiti cha pili kikawa hakiondoki nyuma ya kaunta. Mwezi wa nne mafuta ya taa yalipoadimika mjini, Bi Bahiya aliacha kupoza soda, akaliwasha friji usiku tu. Hakumwambia mwenzake. Bi Anjelina alijionea mwenyewe, zile chupa zimepangwa rafuni, na ule mfuko peke yake ndani.

Nyumbani, wakati huo, alitayarisha ardhi. Ulikuwa mwaka wa kilimo cha kufa na kupona. Redio ilisema kila siku kwamba asiache mtu kipande cha ardhi bila chakula. Bi Anjelina hakuhitaji kuambiwa. Alipata mpini wa jembe lake, akalima uwanja wote wa nyuma: mihogo ukutani, mbaazi mstari wa pili, kunde na mchicha karibu na bomba. Bernadeta alipotaka kumwambia asijisumbue, alimtazama mama mkwe wake alivyofunga khanga kiunoni, akaghairi. Alimletea mbegu za bamia kutoka kwa wenzake wa kiwandani.

Pembeni, penye kivuli cha asubuhi, Bi Anjelina aliacha kipande kidogo, upana wa kitanda. Alichanganya mchanga na samadi iliyokauka vizuri. Kisha akachimba chini mpaka magotini. Bi Bahiya alikuwa na kabati bovu la chakula, lile la wavu wa waya wa kuzuia nzi, nalo likavunjwa. Wavu ukatandikwa chini ya shimo na kupandishwa pande zote, kama kapu. Wavu mwingine, wenye matundu makubwa, ulibaki wa kufunika juu. "Panya haji kwa mlango," alimwambia Bernadeta aliyekuwa akimshikia kamba na vijiti vya kupimia. "Anakuja kwa chini."

Katikati ya Juni, upepo wa kusi ulipokuwa umetulia kwenye ubaridi wake, vitunguu tisa vikatolewa kwenye friji. Bi Bahiya aliwasindikiza wale wageni mwenyewe. Bi Anjelina alivipanda ncha juu, kina cha kiganja, akiacha vidole vinne kati ya kimoja na kingine. Maganda makavu yaliyopukutika hakuyaacha hata moja. Aliyaokota, akayachoma jikoni. Bernadeta akamuuliza kwa nini.

"Harufu," alisema. "Ukiacha ganda juu ya udongo, umemwandikia panya barua."

Wiki ya kwanza haikutokea kitu. Ya pili zikatoka ncha tisa, za kijani iliyochanganyika na wekundu, ngumu kama kucha. Bernadeta alipotoka zamu ya asubuhi alipitia kwanza uwanjani, hata kabla ya kuvua viatu. Alichuchumaa tu kando ya mama mkwe wake, na wakazitazama pamoja.

Siku ya tatu baada ya hapo, alfajiri, Bi Anjelina akatoka na kukuta udongo umefumuka. Kona moja wavu ulikuwa umeoza kwa kutu, na panya buku, wale wakubwa kama paka mdogo, alikuwa amepita chini ya mihogo na kuingia. Vitunguu vinne vilikuwa vimeliwa. Majani yake yalilala juu, yamekatwa chini kama kwa kisu.

Alikaa chini pale pale kwenye umande. Bernadeta, aliyekuwa akijiandaa kwenda kazini, alimkuta hivyo, khanga imelowa, mikono kwenye mapaja.

"Mama."

"Vinne nilivila mie. Vinne kavila yeye. Tofauti yetu ni ipi?"

Bernadeta akaketi naye, sare yake ya kiwandani na yote. Halafu akasema, "Mama, siku ile sikukasirika kwa sababu ya maua. Niliona aibu. Tangu uje sijakuachia hata jiko. Nilidhani nakuheshimu. Umetafuta kitu cha kupika mpaka ukapika maua."

Bi Anjelina alimgeukia. Alimshika mkono, akauona umejaa alama ndogo za nyuzi.

"Utachelewa kazini," alisema mwishowe.

"Nitachelewa."

Wakaiziba ile kona pamoja, kwa bati la debe lililopigwa likanyooka. Kisha Bi Anjelina akafuata njia ya panya mpaka kwenye lundo la matofali ya jirani, akaomba ruhusa, akaliondoa tofali kwa tofali. Shimo lilikuwa hapo. Alilifukizia moshi wa pilipili kavu, na panya buku akatoka upande wa pili na kukimbilia mtaroni, watoto wa mtaa wakimfuata kwa kelele. Siku mbili baadaye akanaswa kwenye mtego wa kamba, ule wa kwao Masasi.

Vikabaki vitano. Mvua ndogo za nje ya msimu zikaleta konokono. Bi Anjelina alimwaga majivu kuzunguka kitalu, na yalipolowa akamwaga mengine, na maganda ya mayai yaliyopondwa, na kila alfajiri aliwaokota kwa mkono na kuwatia kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Mmoja alimponyoka akala chipukizi lote. Vinne vilivyobaki, viwili vikatoa majani tu. Viwili vikabeba tumba.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Didas, balozi wa nyumba kumi, na daftari lake. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, mstaafu wa reli, aliyetumwa kuandika nyumba gani imelima na gani haijalima. Alizunguka uwanja, akatikisa kichwa kwa kuridhika mbele ya mihogo, akasimama mbele ya kile kitanda cha wavu.

"Shikamoo, dada," alisema, maana hakuwa na hakika nani mkubwa, akaona bora ajishushe. "Na hiki ni zao gani?"

"Marahaba. Ni tulipu."

"Inaliwa?"

"Nimewahi kuila," alisema Bi Anjelina. "Haifai."

Mzee Didas aliinama, akatazama yale matumba mawili ndani ya wavu, majivu, maganda ya mayai, bati lililozikwa. "Dada, mihogo yangu nusu imeliwa na panya. Yako haina hata alama. Unafanyaje?"

"Nitakuja nikuonyeshe kesho. Na hiki je, ning'oe?"

Balozi alifikiri, akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi. Akaandika huku akisoma kwa sauti: "Mihogo, mbaazi, kunde, mchicha, bamia, na vitunguu vya kigeni, vya majaribio."

Kabla tumba halijafunguka, vidukari wa kijani wakalivamia. Walijipanga kwenye shina, wengi kama unga. Bi Anjelina alijua dawa yao, na dawa hiyo ilikuwa kiunoni mwake. Ugoro wa kusini haukupatikana Mtoni, na kile kifuko kilikuwa kimebaki robo, aliyokuwa akiigawa kwa ncha ya kidole. Alikifungua, akaumimina ugoro wote katika kikombe cha maji ya moto, akakoroga na kipande kidogo cha sabuni. Kwa bawa la kuku akapaka shina moja, akapaka la pili, jani kwa jani. Kwa siku kadhaa alikuwa na kisirani cha mtu aliyeacha ugoro, akamgombeza hata Bi Bahiya kwa sababu ya bei ya kiberiti. Lakini vidukari walikufa.

Ua la kwanza lilifunguka asubuhi, Bernadeta alipokuwa akirudi kutoka zamu ya usiku. Lilikuwa fupi, halikupita urefu wa mkono mpaka kiwiko, joto la Dar halikuliacha lirefuke. Lakini lilikuwa jekundu, limesimama kama kikombe, na ndani yake kulikuwa na nyota nyeusi yenye ukingo wa manjano. Bi Anjelina aliondoa wavu wa juu.

"Lichume," alisema. "Ndilo lako. Lishike."

Bernadeta alinyoosha mkono, akaligusa kwa nyuma ya vidole, kama mtu anavyogusa shavu la mtoto aliyelala. "Likichumwa litakufa leo."

"Hata lisipochumwa, siku nne."

"Basi acha nipate zote nne." Akakaa kwenye kigoda, kitambaa cha kazini bado kichwani. Baadaye akasema, "La pili likifunguka, hilo nitalishika."

La pili lilifunguka Jumamosi jioni. Jumapili Bernadeta alivaa gauni lake la buluu, akaenda kanisani na ua lake mkononi, mama mkwe wake upande wa kulia, na Bi Bahiya akatoka mlangoni mwa duka kuwatazama wakipita. Watu walisimama. Bibi mmoja aliuliza kama lilikuwa la plastiki, akaruhusiwa kulinusa. Bernadeta hakuliweka altareni. Alilishika misa nzima, na Bi Anjelina, pembeni yake, alikuwa akimtazama kuliko alivyomtazama padri.

Mwezi ule ule alianza kuzunguka na Mzee Didas nyumba kwa nyumba. Aliwafundisha watu kuondoa lundo la matofali, kuzika bati, kuchoma maganda, kutega kamba. Walipoanza kulima shamba la pamoja huko Chamazi, nyumba zote kumi zilikubaliana bila ubishi nani apewe ulinzi wa mazao. Watoto walimwita Bibi Panya, na yeye aliitika.

Fransis alirudi mwezi wa kumi. Alikuta majani ya tulipu yamekauka zamani, na vitunguu vilivyobaki ardhini vimekuwa makapi. Bernadeta alimsimulia yote mara tatu, na bado akawa anakumbuka jambo jingine. Asubuhi yake Fransis aliamka, akamtafuta mama yake barazani, hakumwona.

"Yuko Chamazi," alisema mkewe, akimimina chai. "Leo ni siku yao. Amesema ukiamka umfuate, na usije mikono mitupu."

Fransis akaazima jembe la jirani, akapanda lori la wakulima. Alimkuta mama yake kwenye ukingo wa mahindi machanga, amezungukwa na wanawake sita, amepiga goti moja na sikio karibu na ardhi. Alimwona mwanawe, akamwonyesha kwa mkono asikanyage kwa kishindo.

"Shikamoo, Mama," alinong'ona Fransis.

"Marahaba. Simama hapo hapo," alisema Bi Anjelina. "Fuko yuko chini ya mguu wako wa kushoto. Nikikuambia chimba, uchimbe."